Wiki mbili hazitoshi kuihukumu kabimazoli

Nimesikia tena kauli ambayo imekwisha kunichosha: mgonjwa ametumia kabimazoli, dawa ya thairoidi inayotoa homoni kupita kiasi, kwa wiki mbili, moyo bado unamwenda mbio, mikono bado inatetemeka, na ndugu zake wamekwisha kuamua kwamba dawa haimfai. Kabimazoli huizuia tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, kutengeneza homoni mpya; homoni iliyokwisha kutengenezwa haiigusi, na tezi ni ghala lenye akiba ya wiki kadhaa, ambayo huendelea kuingia kwenye damu. Isitoshe, T4, homoni kuu ya tezi hiyo, iliyomo katika damu huchukua takribani siku 7 kupungua kwa nusu. Kwa hiyo nafuu ya kweli hutarajiwa kati ya wiki ya 3 na ya 6, na kwa mwenye rovu kubwa huweza kuchelewa zaidi. Katika kipindi hicho propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko, ndiyo humtuliza mgonjwa, isipokuwa kwa mwenye pumu.

Kinachoniudhi zaidi ni kuona haraka hiyohiyo kwetu sisi wataalamu, tukiwa na majibu ya maabara mkononi. TSH, homoni ambayo tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huitoa kuiamuru thairoidi ifanye kazi, ikionekana bado iko chini, dozi inaongezwa. Lakini TSH huweza kubaki chini kwa miezi kadhaa baada ya homoni kurudi katika kiwango cha kawaida, kwa sababu pituitari iliyokandamizwa muda mrefu huchelewa kuamka. Katika miezi hiyo ya mwanzo yatupasa kuongozwa na T4 huru (ile isiyoshikamana na protini za damu), na T3, homoni nyingine ya thairoidi, na hali ya mgonjwa mwenyewe. Anayeifukuzia TSH kwa kuongeza dozi humtumbukiza mgonjwa katika upungufu wa homoni: ananenepa, anahisi baridi, anasinzia mchana, rovu linakua, na ikiwa ana ugonjwa wa Graves, ambamo kingamwili za mwili wenyewe huichochea thairoidi, macho yake yanaweza kuharibika zaidi.

Homa au maumivu ya koo yakitokea, dawa isimamishwe siku hiyohiyo na chembe nyeupe za damu zihesabiwe, kwani mara chache kabimazoli huzishusha kwa kiwango cha hatari. Hili halisubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu wakati wa kuacha dawa, uhakika wetu ni mdogo kuliko tunavyouonyesha. Kwa ugonjwa wa Graves tunatibu miezi 12 hadi 18, kisha takribani nusu ya wagonjwa hurudiwa. Kipimo cha kingamwili dhidi ya kipokezi cha TSH, yaani zile zinazoichochea thairoidi, husaidia kukadiria nani atarudiwa, ingawa hata ambaye kingamwili zake zimetoweka anaweza kurudiwa. Ninapomwachisha mgonjwa dawa siwezi kumwambia yumo katika nusu ipi. Namtaka arudi kupimwa, akijua mapema kwamba iodini yenye mionzi na upasuaji vipo iwapo ugonjwa utarejea.