Kutoka "kinanibana" hadi "nimekanyaga kokoto"

Ninapomvalisha mtu mguu wa bandia kwa mara ya kwanza, sikio langu huwa kwenye viambishi. Siku hiyo atasema "kinanibana", "kizito hiki", kama anazungumzia kidude cha kuazima. Wiki kadhaa baadaye ni "unanibana". Kisha siku moja anapita kwenye changarawe nje ya karakana, anasita na kuniambia: "Nimekanyaga kokoto."

Unyayo ule ni mpira mtupu. Msukumo wa kokoto umepanda kwenye bomba, umefika kwenye soketi, kile kikombe kinachopokea kigutu, umegusa ngozi ya kigutu. Lakini yeye ameusikia kule chini, unyayoni. Nimeshuhudia hivyo mara nyingi, na bado nywele hunisimama.

Mwaka 1998, watafiti Botvinick na Cohen waliuficha mkono wa mtu nyuma ya kizuizi, wakamwekea mkono wa mpira mbele ya macho, wakaipapasa yote miwili kwa brashi kwa pamoja. Watu walisema wanaisikia brashi kwenye ule wa mpira. Miguso ilipopishana, hali hiyo ilififia. Yaani macho na ngozi vikitoa ushahidi mmoja, ubongo unakubali.

Na matumizi je? Mwaka 1996 huko Japani, mtafiti Iriki na wenzake waliwafunza kima kuvuta chakula kwa reki. Seli za ubongo zilizokuwa zikiangalia eneo la karibu na mkono zikaanza kuangalia hadi ncha ya reki. Kima akiishika tu bila nia ya kuvuta chochote, hapakuwa na badiliko hilo.

Ndiyo maana nawasihi watu wangu wasiuweke mguu kwa ajili ya Jumapili na harusi. Ndiyo maana pia niko radhi kushinda kutwa nikipiga tupa kalibu ya plasta kuliko kuhangaika na rangi ya ngozi: soketi ikilegea, kigutu huchezacheza ndani na habari za ardhini hufika zimevurugika.

Mama mmoja ninayemhudumia husumbuliwa usiku na vidole vilivyokatwa, anavisikia vimejikunja. Akivaa mguu, anasema, vinanyooka na kuingia ndani ya kiatu. Jioni akishauvua hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda, akisubiri vitulie.