Breki ya mota na barabara inayoteleza: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa madereva waliohamia gari la umeme ni kwamba kuachia pedali ya mwendo si kufunga breki, na kwa hiyo hakuwezi kulitelezesha gari. Ukweli ni kwamba mguu unapoachia pedali, mota hugeuka jenereta na kuyazuia magurudumu yanayoizungusha, huku umeme unaozalishwa ukirudi kwenye betri. Hiyo ndiyo breki ya mota, nayo ni breki kamili. Kanuni ya 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari, inaitambua hivyo, kwani inataka taa za breki ziwake pale mwendo unapopunguzwa na mota kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde, hata kama dereva hajagusa pedali ya breki.

Tofauti na breki ya kawaida ni kwamba katika magari mengi breki hii hushika ekseli moja tu, yaani jozi moja ya magurudumu, ya mbele au ya nyuma, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Tuchukue gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo uzito wake umegawanyika nusu kwa nusu, na ambalo mota yake inalipunguzia mwendo kwa 0.2 ya mvutano wa dunia. Kwa kuwa kazi yote inafanywa na matairi mawili yaliyobeba nusu ya uzito, matairi hayo yanahitaji kipimo cha mshiko (nguvu ya kushika barabara ikigawanywa kwa uzito yaliyobeba) cha 0.4, tena zaidi kidogo, kwa sababu gari linapopunguza mwendo uzito huelemea mbele. Lami kavu hutoa takriban 0.8, hivyo dereva hahisi lolote. Lami iliyolowa inaweza kushuka hadi 0.5 au chini yake, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani kiangazi kizima. Tope jepesi juu ya udongo mgumu huwa baya zaidi, na barafu hutoa 0.1 tu. Tena mshiko wa tairi ni mmoja, nao hugawanywa kati ya kupunguza mwendo na kukata kona. Ukiisha wote kwenye breki ya nyuma, mkia wa gari hutoka nje ya njia. Ukiisha kwenye breki ya mbele, gari hukataa kufuata usukani.

Wengine huamini kwamba gari lenye mota mbele na nyuma haliwezi kukumbwa na tatizo hili. Kugawana kazi kati ya ekseli mbili kunasaidia sana, kwani katika mfano wetu mahitaji hushuka hadi 0.2, lakini hakuongezi mshiko wa barabara hata chembe.

Dhana nyingine ni kwamba ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki, itashughulikia kila kitu. ABS ya asili hulegeza shinikizo la mafuta ya breki, na valvu zake haziwezi kuiondoa nguvu ya mota. Ni lazima kompyuta ya breki iwasiliane na kompyuta ya mota. Njia rahisi, iliyotumika katika magari mengi, ni kuizima kabisa breki ya mota mara gurudumu linapoanza kuteleza na kukabidhi kazi kwa breki za mafuta. Ugumu uko katika makabidhiano hayo. Februari 2010 Toyota ilirudisha gereji takriban magari 437,000 ya haibridi duniani, Prius yakiwemo, ili kurekebisha programu ya ABS, baada ya madereva kulalamika kwamba kwenye mashimo au barabara inayoteleza breki ilionekana kulegea kwa kitambo. Kwa maoni yangu kuizima mota ni kupoteza chombo bora kuliko vyote vilivyomo garini, maana mota hubadilisha nguvu yake ndani ya milisekunde chache, upesi kuliko mafuta ya breki. Nissan Leaf yenye e-Pedal, mfumo wa kuongeza na kupunguza mwendo kwa pedali moja, ilichukua njia ya katikati: barabara inapoteleza, breki za kawaida za magurudumu yote manne husaidia kazi ambayo mota ingeifanya mbele peke yake.

Si kweli pia kwamba kupunguza nguvu ya breki ya mota ni kutupa umeme. Nishati ya mwendo ni ile ile, ivunwe kwa sekunde tano au kwa kumi na mbili. Kinachopotea ni kile kinachoishia kuwa joto kwenye diski za breki, na dereva anayeanza kupunguza mwendo mapema hupoteza kidogo sana.

Imani iliyo ya hatari zaidi, kwa jinsi ninavyoona, ni kwamba gari huijua barabara kabla halijaifikia. Asubuhi breki ya mota ikiwa dhaifu, wapo wanaodhani gari limetambua utelezi, kumbe betri imejaa au ni ya baridi na haiwezi kupokea umeme mwingi. Mshiko haupimwi moja kwa moja. Kompyuta hulinganisha kasi ya kila gurudumu na kasi ya gari lenyewe, kisha hukisia kutokana na tofauti hiyo. Maana yake ni kwamba tairi lazima lianze kuteleza kidogo ndipo mfumo uwe na cha kusoma. Kwa hiyo anayeteremka mlima wenye tope achague kiwango cha chini cha breki ya mota angali juu, kwenye tambarare, kabla matairi hayajaanza kulipa gharama ya kipimo hicho.