Kurusha Serengeti mubashara bila kumuuza faru

Wengi wanaotaka kurusha safari ya Serengeti mubashara huanza kwa kuuliza wanunue kamera gani. Anza na kasi ya kupakia, yaani ya kutuma picha mtandaoni. Laini inaweza kupakua megabiti 30 kwa sekunde na kupakia 2 tu, na wewe unahitaji hiyo ya pili. Picha ya ubora wa 720p inataka kama megabiti 3, ya 1080p, iliyo kali zaidi, kama 5. Mimi hupanga kutumia nusu tu ya kasi niliyopima, maana gari likiingia bondeni mtandao nao huporomoka. Kwa megabiti 3, saa moja inakula takriban gigabaiti 1.35 za bando. Beba laini za mitandao miwili tofauti, na pimia pale pale utakaposimama, usipimie getini. Mtazamaji atavumilia 720p. Hatavumilia picha inayoganda wakati simba jike anaruka.

Ruhusa nayo itangulie. Kurusha kwa biashara kunahesabiwa kama upigaji filamu, na kiingilio cha mtalii hakitoi ruhusa hiyo. Droni iache nyumbani kama huna kibali chake.

Kamera, kompyuta mpakato na ruta vikila wati 90 kwa pamoja, betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 50 itakupa saa tatu hivi. Kwenye karatasi ni wati-saa 600, lakini betri ya aina hiyo ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaiua.

Kwa lenzi ndefu, egemeza kamera juu ya mfuko wa maharage kwenye ukingo wa paa la gari lililo wazi, zima injini, na waombe waliomo ndani wasijigeuze. Kwenye lenzi ya milimita 400, mtu akihamisha goti tu twiga anayumba. Fokasi ya kujiendesha hushika nyasi za mbele badala ya chui aliye nyuma yake, basi irekebishe kwa mkono. Kuanzia saa nne asubuhi hewa ya joto huchemka juu ya ardhi na mnyama wa mbali anaonekana kama yuko chini ya maji. Kuvuta picha kwa lenzi hakusaidii kitu hapo. Tafuta mnyama wa karibu, au subiri jioni.

Jioni ndiyo saa ya biashara pia, maana watazamaji wa ng'ambo wako macho. Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka mto Mara upande wa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, saa kumi alasiri kwetu ni saa nane mchana London na saa tatu asubuhi New York. Ukirusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, New York inakaribia usiku wa manane.

Kinachomshikilia mtazamaji nyumbu wakisita ukingoni kwa dakika arobaini ni sauti ya mwongoza watalii. Mvalishe maikrofoni ya kolani yenye kifuniko cha manyoya, la sivyo upepo utameza kila neno. Amtambulishe mnyama mmoja mmoja: huyu jike mwenye sikio lililochanika, watoto wake watatu, jana walilala wapi. Katika hifadhi ya Katmai kule Alaska, dubu wa mtoni wanajulikana kwa namba zao, na watu hurudi kwenye kamera mwaka hadi mwaka kumwangalia dubu wao. Mtazamaji wa namna hiyo ndiye anayekuja kukata tiketi ya safari. Kiungo cha kuweka nafasi kikae chini ya video tangu dakika ya kwanza, pamoja na maelezo ya kiingilio cha hifadhi kinakwenda kufanya kazi gani.

Sasa faru. Faru harushwi mubashara, hata kwa kuchelewesha dakika kumi. Jangili hahitaji GPS: jabali lenye umbo lake, mgunga uliokatika tawi, kona ya barabara, vinamtosha. Rekodi, kata mandhari inayotambulisha mahali, onyesha baada ya wiki kadhaa iwapo wahifadhi wameridhia. Duma anayewinda naye usimtangaze mahali alipo, kwa kuwa magari yatamiminika na swala atakimbia kabla duma hajajiandaa.

Na matangazo yakiisha, video hubaki mtandaoni. Irudie yote kabla ya kuiacha wazi, ukitazama nyuma ya mnyama: kibao cha njia, namba ya gari la askari wa doria, skrini ya ramani iliyoachwa ikiwaka kwenye dashibodi.