Kuzuia mali ya mtu isivyo halali: dai lake linasimamaje?

Mtu kapeleka cherehani kwa fundi pale Majengo, na kila akiifuata anaambiwa "njoo kesho". Mwingine kaweka magunia ya alizeti kwenye ghala la mwenzake Kibaigwa akingoja bei ipande. Bei imepanda, ghala lina kufuli, simu haipokelewi. Wote wawili walitoa mali kwa hiari yao, ndiyo maana wakienda polisi mara nyingi hujibiwa kwamba hilo ni shauri la madai, waende mahakamani.

Mahakamani dai hilo huitwa kuzuia mali isivyo halali. Sisi Tanzania tumelipokea kutoka sheria ya kimazoea ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama zao, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Waingereza wenyewe walilifuta mwaka 1977, lakini kufuta kwao hakukugusa kilichokwisha kupokewa huku.

Mdai anatakiwa aonyeshe kwanza kwamba ana haki ya kuwa na mali hiyo sasa hivi. Si lazima awe mwenye mali. Aliyekodi pawatila hadi Desemba anaweza kumdai anayeizuia Oktoba, na mwenyewe aliyeikodisha hawezi kuidai mpaka muda wa kukodi uishe.

Halafu aonyeshe kwamba aliidai akakataliwa. Hapa ndipo watu wengi huangukia, na inauma kwa sababu haki wanayo. Wanapita kwa fundi, wanalalamika kwa majirani, wanamtuma mjomba akaseme naye, lakini hakuna siku waliyosema waziwazi: nirudishie mali yangu. Andika barua. Taja kitu chenyewe kwa alama zake, namba ya cherehani au idadi ya magunia na maandishi yaliyo juu yake, lini ulimkabidhi, na siku ya mwisho ya kurudisha. Mpelekee ukiwa na shahidi, asaini nakala yako. Kiswahili kinatosha, tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama zetu. Ujumbe wa simu nao unaweza kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usiufute.

Si kila jibu la kusitasita ni kukataa. Mwenye ghala akiomba siku chache ahakikishe magunia ni ya nani, hasa kama watu wawili wanayadai, hajakosea. Akizungusha wiki baada ya wiki bila sababu ya maana, mahakama inaweza kuona amekataa.

Fundi naye ana haki yake, na tusimwonee. Kama ameitengeneza cherehani na hujamlipa, sheria ya mikataba inamruhusu kuishikilia mpaka apate ujira wa kazi hiyo. Lakini kama mlipatana utamlipa baada ya miezi mitatu, hawezi kuizuia leo kwa ajili ya fedha hizo.

Ukishinda, mahakama huweza kuamuru urudishiwe mali yenyewe, au ulipwe thamani yake kama haipatikani, pamoja na fidia ya hasara ya kuikosa. Fundi nguo aliyekaa bila cherehani msimu wa sikukuu ana hasara ya kuonyesha, basi aje na daftari la oda zake.

Kwa mkulima, suala la thamani ni zito kuliko yote. Katika dai hili, thamani hupimwa kwa bei ya siku ya hukumu. Kama mwenye ghala ameshayauza magunia yako kana kwamba ni yake, kosa ni jingine, kujimilikisha mali ya mtu, na hapo kwa kawaida huangaliwa bei ya siku aliyouza. Mazao yaliyouzwa wakati wa mavuno na yale yaliyozuiwa mpaka njaa ibishe hodi hayana bei moja. Kwa hiyo kabla hujafungua shauri, chunguza kama magunia bado yamo ghalani.

Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu, na kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ulipodai ukakataliwa. Anayekuzuilia akiwa shemeji au rafiki wa siku nyingi, miaka hiyo huisha huku mkiendelea kusalimiana vizuri. Usiposikilizwa nyumbani, nenda kwa msaidizi wa kisheria. Huduma yake ni bure, inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na barua ile ya kudai anaweza kukusaidia kuiandika.