Kitabu cha kidijitali sio PDF tu jamani

Mi natengeneza vitabu vya kielektroniki vya maktaba za kidijitali, vingi vya watoto vya Kiswahili, na kila mara kuna mtu ananitumia PDF iliyoenda kuchapwa ananiambia kitabu kiko tayari, kipandishe tu. Hapana, bado. PDF ile imepangwa kwa ajili ya karatasi, ukurasa umeganda, mtoto anasomea kwenye simu ya mama yake inabidi avute kulia arudishe kushoto kila mstari, kabla hajafika ukurasa wa tatu kashachoka.

Ndo maana tunatumia EPUB, aina ya faili lililotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya kielektroniki. Hebu chukua faili la .epub, libadili jina liwe .zip ulifungue, utakuta kurasa za XHTML (kodi inayobeba maandishi, kama ya kurasa za tovuti), CSS ya kupanga mwonekano, picha, na faili la OPF lenye jina la kitabu, mwandishi na lugha. Maandishi yanajipanga upya kufuata skrini, ukikuza herufi hakiharibiki kitu.

Sasa hapo kwenye lugha ndo naombaga watu wawe makini. Mtu anakopi faili la kitabu cha zamani, lugha imeandikwa en, yaani Kiingereza, anaiacha hivyo hivyo, na kwa macho huoni tatizo lolote. Lakini msomaji asiyeona anayesikiliza kwa simu anasomewa Kiswahili kwa sauti ya Kizungu, "pole" inakuwa "poul", "mate" inakuwa "meit", hadithi yote imeharibika, na anayechuja vitabu vya Kiswahili kwenye katalogi hicho hakioni kabisa. Weka sw, yaani Kiswahili, kwenye OPF na kwenye kila ukurasa wa XHTML, zote mbili.

Halafu kuna ng'. Katika kitabu kimoja unakuta ng'ombe kaandikwa kwa alama iliyonyooka, ng’ombe kwa iliyopinda, na kama kimeskaniwa unapata mpaka ng`ombe. Kwa kompyuta hayo ni maneno matatu tofauti, kwa hiyo kwenye programu nyingine ukitafuta unapata moja mengine yanakupita. Chagua alama moja, badilisha kitabu kizima.

Na tafadhali msichore maneno ndani ya picha. African Storybook, mradi wa Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, hadithi zake zina leseni huria na mtu anaruhusiwa kuzitafsiri, ila tafsiri inawezekana kirahisi kwa sababu maandishi yamekaa pembeni ya picha. Picha yenyewe ipunguze ukubwa, ya kuchapia inamaliza bando la mtu bure, na iandikie maelezo yanayosema kinachoonekana, "Bibi anachota maji kisimani", sio "picha 4".

Mwisho napitisha kila kitu kwenye EPUBCheck, programu ya kukagua faili za EPUB, ni ya bure, inakamata makosa ya kodi vizuri sana. Ila haijui kwamba hicho kilichoandikwa en ni Kiswahili, kwa hiyo nakifungua kitabu kwenye simu ya bei ya chini, nawasha sauti, nakisikiliza mwanzo hadi mwisho ndo nakituma.