Masizi ya bastola ya silinda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dodoma ikifika Julai upepo hautulii, vumbi linaingia hadi kabatini, na wenye bastola za silinda (kile kipande cha duara kinachozunguka, chenye matundu ya kuwekea risasi), walinzi kwa raia wenye leseni, huanza kupeana ushauri wa usafi. Sehemu ya ushauri huo inaharibu silaha kuliko masizi yenyewe.

"Risasi yenye masizi mengi ndiyo kali." Mara nyingi ni kinyume. Baruti huungua vizuri penye presha ya kutosha. Risasi dhaifu haitanui ganda likabana kuta za tundu lake, kwa hiyo moshi unarudi nyuma na kulipaka ganda weusi ubavuni.

"Silinda ikitakata mbele, kazi imekwisha." Hii ndiyo inayonikera. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mdogo, kwa kawaida milimita 0.1 hadi 0.2, na gesi ya moto hupenya hapo kila unapofyatua. Ndiyo maana kila tundu lina pete nyeusi usoni. Pete hizo hazina madhara yoyote. Anayezisugua kwa msasa au stiliwaya anabandua rangi inayokinga chuma, na akizidisha anaupanua ule mwanya.

Pa kuchunguza ni chini ya kinyota kinachosukuma maganda nje. Punje chache tu za baruti isiyoungua zikijibana hapo, kinyota hakikai sawasawa, silinda inakataa kufunga au inazunguka kwa taabu, na mwenyewe anadhani springi imekufa. Ukitoa maganda, elekeza mtutu juu, yadondoke pamoja na uchafu wao. Na kama bastola yako ni ya risasi za .357 Magnum lakini unatumia zile fupi za .38 Special, pitisha brashi ya shaba ndani ya matundu: ganda hilo ni fupi kwa milimita tatu na ushee, masizi hujijenga mbele yake, siku ukirudia ndefu inaingia kwa kusukumwa.

"Mafuta ni mafuta." Ya alizeti, hata yawe ya Singida yenyewe, yaache jikoni, yakikaa hewani huganda na kunata. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma. Mafuta ya taa hulainisha masizi, sikatai, ila hayalindi chuma na kutu. Tumia mafuta ya silaha, kisha futa yabaki utando mwembamba, maana yakizidi yanachanganyika na vumbi letu na kuwa kama msasa wa majimaji.

"Maji ni mwiko." Si kwa baruti nyeusi ya magobore. Mabaki yake yana chumvi zinazovuta unyevu na kuleta kutu, na mafuta hayaziyeyushi. Maji ya moto na sabuni huziondoa. Kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Kabla ya yote, toa risasi zote na uzipeleke chumba kingine. Usisafishie silaha kwenye meza ya chakula, kwani masizi hayo hubeba madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla hujagusa ugali.