Utabiri wa mawimbi: "mita 2" maana yake nini?

Msimu wa kusi ukishika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hurudia angalizo ambalo mkazi wa Dar es Salaam ameshalizoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, kwa mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Mvuvi wa Kunduchi hulisikia, abiria wa boti ya Unguja hulisikia, na kijana anayeteleza mawimbini kwa ubao hulisikia pia. Wote hubaki na namba moja kichwani, mita 2. Namba hiyo ni sehemu tu ya utabiri, na mara nyingi si sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Utabiri wa mawimbi ni hesabu inayoanzia kwenye upepo. Upepo ukivuma juu ya maji huyasukuma na kuyapa nguvu, na ukubwa wa wimbi linalozaliwa hutegemea kasi ya upepo, muda uliovuma, na umbali wa maji wazi ulioupita bila kukatwa na nchi kavu. Upepo mkali wa nusu saa ndani ya ghuba ya Msasani huchafua maji tu. Upepo huohuo ukivuma siku mbili mfululizo juu ya Bahari ya Hindi hujenga mawimbi ya kuyumbisha meli. Kwa hiyo anayetabiri mawimbi hutabiri upepo kwanza, na akikosea upepo, yote yanayofuata yamekosewa.

Hesabu zenyewe si za kale sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Harald Sverdrup na Walter Munk wa taasisi ya Scripps huko California walibuni mbinu ya kukadiria mawimbi ya pwani kutokana na ramani za upepo, na mbinu hiyo ikatumika katika maandalizi ya kuteremsha majeshi Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake walifuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za karibu na Antaktika, yakivuka Bahari ya Pasifiki hadi Alaska. Leo kompyuta huigawa bahari katika miraba na kukokotoa, kwa kila mraba, nguvu ya mawimbi yanayotoka kila upande. Setilaiti nazo hupima kwa rada urefu halisi wa mawimbi, na vipimo hivyo husaidia kuisahihisha hesabu.

Tuje kwenye mita 2. Urefu wa wimbi hupimwa kutoka bondeni hadi mgongoni. Namba inayotolewa na hesabu hizi, kwa kawaida, si ya wimbi kubwa kuliko yote, bali ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi. Mawimbi mengi utakayokutana nayo yatakuwa chini ya namba hiyo, machache yataipita, na ukikaa baharini saa kadhaa, moja linaweza kukaribia mara mbili yake. Nahodha wa ngalawa akiona mita 2 kwenye utabiri wa namna hii, ajiandae kwa wimbi la karibu mita 4. Ninatamani jambo hili lisemwe redioni kila msimu wa kusi, kwa sababu chombo hupinduliwa na wimbi lile moja, wala si na wastani. Tena nguvu haipandi sawa na urefu: wimbi la mita 2 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 1.

Sasa kuna kipindi cha wimbi, ambacho watu wengi hawakijui kabisa, nacho ni zile sekunde zinazopita kati ya mgongo mmoja wa wimbi na unaofuata. Mawimbi yanayozaliwa na upepo unaovuma hapa hapa huwa na kipindi kifupi, sekunde 5, 6 au 7. Yanafuatana upesi, yana vichwa vyeupe vya povu, na chombo kidogo hakipati nafasi ya kupumua kati ya moja na lingine. Mawimbi yanayotoka mbali ni ya namna nyingine. Dhoruba ikipiga kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, huko kwenye baridi, huzaa mawimbi ya kila aina. Yale ya kipindi kirefu huenda kasi na kuyaacha mengine nyuma, hivyo huku kaskazini ndiyo hutangulia kufika. Kundi la mawimbi ya sekunde 14 husafiri zaidi ya kilomita 900 kwa siku, kwa hiyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 4,000 inaweza kuinua maji kwetu baada ya siku nne au tano, wakati hapa jua linawaka na hakuna upepo. Bahari inaumuka polepole, bila povu, na mgeni akiitazama ataapa kwamba ni shwari.

Wimbi la aina hii ni refu mno mgongo hadi mgongo, kama mita 300, na huanza kuihisi sakafu ya bahari likiwa bado kwenye kina cha mita 150. Likipanda mwamba hupunguza mwendo, hubanwa, husimama, kisha huvunjika kwa nguvu ambayo hukuitarajia ulipolitazama likiwa kilindini. Kwa hiyo mita 1 ya sekunde 14 na mita 1 ya sekunde 6 ni bahari mbili tofauti. Wanaoteleza kwa ubao duniani kote huutazama utabiri kwa jicho hilo: husoma sekunde kabla ya mita.

Upande nao una maneno yake, hasa kwa jiji lililokaa kama letu. Madagaska, kisiwa cha takriban kilomita 1,600 kwa urefu, kinakaa njiani na kukata sehemu kubwa ya mawimbi ya dhoruba za kusini. Yanayotufikia ni yale yaliyopita mashariki yake au yaliyopenya Mlango wa Msumbiji. Unguja nayo inatukinga kiasi na mawimbi ya kaskazi. Lakini upepo wa kusi ukivuma kutoka kusini-mashariki, fukwe za Kigamboni, kuanzia Mjimwema kuteremka hadi Kimbiji, ziko wazi zaidi kwa mawimbi ya bahari kuu. Ghuba ya Msasani ina rasi na kisiwa cha Bongoyo, na Kunduchi ina kisiwa cha Mbudya mbele yake. Utabiri wa mkoa mzima hauwezi kuwa kweli ileile kwa fukwe hizi zote.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa, jambo ambalo halimo kabisa katika namba ya mawimbi ingawa kwa Dar es Salaam ndilo huamua wimbi livunjikie wapi. Wimbi huvunjika kina cha maji kinapokaribia mara moja na robo ya urefu wake. Wimbi la mita 1.5 litavunjika penye maji ya kama mita 2. Bahari yetu wakati wa bamvu, yaani siku za maji makuu karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa siku moja, hivyo mahali pa kuvunjikia huhama sana.

Chukua Jumapili ya Julai, siku moja baada ya mwezi mpevu, utabiri ukisema mita 1.5. Siku za bamvu, maji ya Dar es Salaam hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Asubuhi, Coco Beach, mwamba uko wazi, mawimbi yanavunjika mbali ukingoni na watoto wanaokota kombe kwenye maji ya kifundo cha mguu. Jioni, maji yamejaa, upepo wa baharini uliopanda tangu adhuhuri unayasukuma zaidi, na mawimbi yanapita juu ya mwamba na kuja kupiga mchangani na kwenye majabali, saa ileile ambayo umati umefurika kula mihogo na kuogelea. Anayewapeleka watoto ufukweni na asome jedwali la maji kujaa na kupwa pamoja na utabiri. Mwenye ubao naye atapenda alfajiri, upepo ukiwa unatoka bara, kwani huo huyatuliza maji na kuyafanya mawimbi yasimame vizuri kabla ya kuvunjika.

Utabiri wa siku mbili tatu mbele unaaminika vya kutosha kupangia safari. Ukivuka wiki, ni makisio. Dhoruba kubwa huonekana mapema kuliko wengi wanavyodhani: kimbunga Hidaya kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na boti za Unguja zilisimamishwa. Tsunami ni habari nyingine, kwa sababu haizaliwi na upepo. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua watu hadi mwambao wetu, isingeweza kuonekana katika utabiri wowote wa mawimbi.

Na kompyuta ina mipaka yake hata siku ya kawaida. Miraba yake mingi ina upana wa kilomita nyingi, kwa hiyo haiuoni mlango mdogo katika mwamba ambamo maji yaliyosukumwa ufukweni hutafuta njia ya kurudi, yakageuka mkondo wa kumvuta mwogeleaji nje. Mlango huo wavuvi wa ufuo husika wanaujua ulipo. Waulize kabla hujaingia majini.